Mtani Asiye Mtani

Paskazia Lugembe wa Kwihara alikuwa hajawahi kumwomba mtu radhi. Marehemu mumewe, Masanja, aliishi naye miaka thelathini na minane akazikwa bila kulisikia neno hilo, na si kwamba hakukosewa. Lakini msimwonee huruma sana. Masanja naye alikuwa na yake.

Yake kubwa ilikuwa ile ya Kigwa. Mwaka ule, katikati ya palizi, jembe lilivunjika. Masanja akasema majembe ya mjini Tabora ni mabati matupu, yeye anakwenda Kigwa, kuna mtu anauza majembe ya kweli. Akaondoka asubuhi. Wiki ya kwanza ikapita, ya pili ikapita. Paskazia akabaki shambani na jembe la kuazima na mtoto mgongoni, nyasi zinameza karanga huku anaziona. Hasira zilipompanda akaanza kuimba:

*Ameenda Kigwa kununua jembe,*
*nyasi zimenifika magotini.*

Wanawake wa shamba la pili wakaitikia, "Bado ananunua!" Beti iliyofuata nyasi zikafika kiunoni. Iliyofuata, kifuani. Masanja aliporudi wiki ya tatu, na jembe moja begani, alikuta kijiji kizima kinamwimba, hata watoto wa kuchunga mbuzi. Hakwenda Kigwa tena mpaka anakufa.

Huo ndio wimbo wa Paskazia. Kwihara yote iliulimia na kuuchezea harusini. Wala hakuna aliyewahi kusema ni wa nani, maana kila mtu alijua.

Mwaka huu binti yake, Suzana, akamletea simu sikioni. "Mama, hebu sikiliza."

Paskazia akasikiliza. Ngoma zinadunda kama mtu anapiga pipa, kisha kijana anaimba kwa kujibana pua:

*Ameenda Dubai kununua dera,*
*mapenzi yamenifika kifuani.*

"Bado ananunua!" wanaitikia wasichana.

"Nani huyu?"

"Lukumani. Wa nyumba ya tatu hapo. Mjini wanaupiga kila duka. Wameandika mtunzi ni yeye."

Paskazia hakuvaa hata viatu. Alimkuta Lukumani uani kwao, anachana nywele.

"Mwangaluka, mayu," kijana akaamkia kwa heshima.

"Usiniamkie kwa mdomo uleule ulioibia. Nani kakwambia Masanja alikwenda Dubai?"

"Masanja gani, bibi? Ule wimbo wa zamani tu. Hauna mwenyewe."

"Una mwenyewe. Amesimama mbele yako peku."

Lukumani akacheka, si kwa ubaya. Akasema Jumamosi kuna lile tamasha la kila mwaka la muziki na sanaa, la wasanii chipukizi, na yeye yumo kwenye orodha. Wimbo utatangazwa kwa jina lake mbele ya watu wa mkoa mzima. "Ukishatangazwa pale, bibi, umeshatangazwa."

Neno hilo ndilo lililomkosesha Paskazia raha. Kama ukitangazwa pale umeshatangazwa, basi yeye atatangazwa kabla.

Kesho yake alipanda bodaboda hadi mjini. Kuandikisha wasanii kulikuwa barazani kwa duka la vitambaa, na mwandikishaji alikuwa Shaima, binti wa mwenye duka, Waarabu wale wa zamani ambao babu zao walimuuzia bibi yake Paskazia kaniki.

"Shikamoo, bibi. Umekuja kumwandikisha mjukuu?"

"Marahaba. Niandike mimi."

Shaima akamtazama, akaitazama simu yake. "Haya, bibi. Jina la kisanii?"

"La nini?"

"Jina la jukwaani. Wengine wanajiita Simba Mdogo, Dogo Moto..."

"Mimi nilibatizwa. Andika Paskazia Lugembe."

"Umri?"

"Sabini na mmoja."

Shaima akabonyeza. Akabonyeza tena. "Bibi, simu inakataa. Mwisho thelathini na tano."

"Iambie nipo hapa, inione."

"Haioni, bibi wangu. Hili ni la chipukizi, yaani wanaoanza."

"Na mimi ndiyo kwanza naanza! Nimewahi kupanda jukwaa lini? Hao vijana wako wameanza tangu shule, wao ndio wakongwe."

Shaima alicheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya mtandio, ila simu haikubadili msimamo. Akamshauri aje Jumamosi mapema amwone mshereheshaji, Nasri, ametoka Dar. "Orodha anashika yeye. Akikubali, mimi sina neno."

Jumamosi saa nane mchana Paskazia alikuwa uwanjani, kitenge kipya, kilemba kimepanda juu kama cha malkia. Suzana na wanawake wa Kwihara wasiopungua kumi nyuma yake. Nasri alikuwa jukwaani anajaribu kipaza sauti, suti nyekundu, viatu vyeupe. Paskazia akapanda ngazi.

"Mwanangu, kwenu wapi?"

"Dar, mama. Mbagala."

"Mbagala ya Wazaramo?"

"Hiyohiyo."

Uso wa Paskazia ukachanua. Yeye Mnyamwezi, na Mnyamwezi na Mzaramo ni watani tangu enzi za misafara. Mtani anakutukana mbele ya wakwe zako nawe unacheka. Anachukua kofia yako, na wewe unaikomboa kwa maneno matamu. Ukinuna, umeshindwa. Kwa mtani hakuna orodha wala umri! Basi akanyoosha mkono, akampokonya Nasri kipaza sauti.

"Nimekiteka!" Sauti yake ikatoka kwenye maspika yote, watu wakageuka. "Mzaramo wewe! Babu zangu walibeba meno ya tembo kwa miguu kutoka hapa mpaka pwani, miezi mitatu. Wakafika kwenu wakakuta babu zako wamelala chali, wanangoja nazi zianguke! Hata hii suti hujainunua, imekuangukia!"

Uwanja ukalipuka kwa kicheko. Nasri hakucheka. Shingo ilimvimba.

"Mama, kwa nini unanitukana? Mimi ni Mpare. Wa Same. Mbagala nimepanga chumba tu."

Maneno hayo nayo yalidakwa na kipaza sauti, yakatoka yote.

Kicheko kikakatika. Mpare si mtani wa Mnyamwezi. Huyu alikuwa mgeni wa watu, ametukaniwa babu zake hadharani na mwanamke mzima aliyevaa kilemba. Shaima, chini ya jukwaa, akajifunika uso kwa karatasi.

"Rudisha kipaza sauti, mama," Nasri akasema polepole, "ushuke. Au uniombe radhi. Chagua moja."

Pembeni, Lukumani alikuwa tayari, miwani myeusi usoni. Zamu yake ndiyo iliyofuata. Paskazia akishuka, Dubai inapanda. Akiomba radhi, atalitamka mbele ya Kwihara nzima lile neno ambalo Masanja alilisubiri mpaka kaburini. Alifungua mdomo, neno likagoma. Alifungua tena, likagoma. Mara ya tatu kilichotoka kilikuwa na sauti ya wimbo:

*Nimeenda mjini kununua sifa,*
*aibu imenifika magotini.*

Kisha wanawake wa Kwihara, kwa mazoea ya miaka arobaini, wakaitikia: "Bado ananunua!"

*Nimemtukana mtoto wa watu,*
*aibu imenifika kiunoni.*

"Bado ananunua!" Safari hii uwanja mzima.

*Nisamehe, Mpare, nilidhani Mzaramo,*
*aibu imenifika shingoni.*

Nasri alijitahidi kununa. Alijitahidi kweli, alibana midomo mpaka mashavu yakavimba, lakini kwenye "shingoni" kicheko kilimponyoka, akainama kushika magoti, suti na vyote. Paskazia akamrudishia kipaza sauti kwa mikono miwili, kama mtu anayetoa sahani ya chakula.

"Mama, huu wimbo si ndio wa yule kijana?"

"Muulize beti inayofuata Dubai."

Nasri akamgeukia Lukumani. Lukumani akavua miwani. Alijua beti mbili tu. Alitazama wanawake wa Kwihara, wakamtazama. Mama yake mzazi alikuwa katikati yao, na alikuwa ameitikia kuliko wote.

"Wa bibi," akasema.

"Sema kwenye kipaza sauti, tusikie."

"Wimbo ni wa bibi! Mimi nimeweka Dubai tu."

Orodha haikubadilika, sheria ni sheria. Lukumani ndiye aliyeimba. Ila kabla ya midundo kuanza Nasri alisogea mbele akatangaza: "Wimbo huu umetungwa na Bi Paskazia wa Kwihara!"

Watu wakapiga makofi. Paskazia, aliyekuwa ameshafika ngazi ya mwisho, akageuka akapanda tena mpaka juu.

"Paskazia *Lugembe*," akasema. "Kwihara tupo watatu. Rudia."

Nasri akarudia.