Mbevo Niliyofungiwa Nayo

Ndugu zangu, kabla sijasema neno, naomba mtu afungue yale madirisha mawili ya nyuma. Nitawaeleza kwa nini.

Miaka ya themanini, mimi na mume wangu, Baba Mwende, tulilima vitunguu kando ya mto karibu na Kiboko. Nilikuwa na nguvu. Debe la maji nilibeba huku nikiimba. Tulijenga kibanda cha mabati shambani, tukalala humo tulinde mazao.

Msimu wa baridi nikaanza kukohoa. Sisi Wakamba baridi tunaiita mbevo, na anayekohoa tunasema ameshikwa na mbevo. Basi Baba Mwende akaamua kuifungia nje. Aliziba kwa matambara ya magunia kila nafasi iliyokuwa kati ya ukuta na paa. Dirisha akalipigilia misumari. Jioni aliniletea sufuria ya maji moto yenye mwarobaini, nijifukize. Asubuhi mabati yalidondosha maji kitandani, na nyuma ya godoro ukuta ulikuwa umeota kuvu nyeusi. Mimi nilifuta tu.

Nilivyozidi kukohoa, naye alizidi kuziba. Kifua kikawa kinapiga filimbi. Nililala nikiwa nimekaa. Nilikonda hadi pete ikanivuka kidoleni. Hospitali walipima makohozi, TB hawakuiona. Wodini nilipata nafuu. Nikirudi kibandani, siku tatu tu nakosa pumzi. Nililazwa hivyo mara mbili. Niliogopa kufa, siwafichi. Nilianza kumwonyesha Mwende, binti yetu, namna ya kumpikia mdogo wake uji.

Mara ya tatu daktari alimgeukia mume wangu. "Huyu mama analala wapi?"

"Kwa kibanda, daktari. Lakini nimeziba vizuri. Hata upepo kidogo haiingii. Na kila jioni anajifukiza."

"Na ule mvuke wote, unatokea wapi?"

Mimi ndiye niliyemwambia daktari kuhusu ile kuvu nyeusi nyuma ya godoro.

"Mzee, hiyo kuvu ndiyo anavuta usiku kucha. Enda ufungue."

Tulipofika kibandani alikataa. "Nikifungua, mbevo itakumaliza. Daktari hajui baridi ya huku." Akaenda kumwagilia vitunguu.

Nilipanda juu ya debe, nikavuta tambara la kwanza. Lilikuwa limelowa, jeusi, linanuka. Baba Mwende alinikuta nikivuta la nne, nikihema. Alilichukua, akalinusa, akaona kuvu ile ile ya nyuma ya godoro.

"Shuka, Mama Mwende," akasema. Akaleta nyundo, akang'oa misumari mwenyewe. Tulisugua kuta kwa sabuni, godoro tukalichoma.

Sikupona siku moja, ilichukua miezi. Namshukuru Mungu na yule daktari. Nanyi mkijenga, acheni nafasi chini ya paa. Nguo mbichi zianikwe nje. Ukuta ukitoa jasho, usifute tu, fungua.

Baba Mwende simlaumu, alikuwa ananipenda. Na mmeona nilipoomba madirisha, ni nani aliyesimama wa kwanza. Asante, Baba Mwende. Sasa kaa, na uyaache wazi.