Bushi za Landrova ya Hamidu

Kalamu hainipendi, nami siipendi. Shule niliiacha nikijua herufi za kutosha kusoma jina langu, nikaona inatosha. Lakini binti yangu Priska kaniganda: "Mama, andika habari za Hamidu, watu wamjue." Watu gani hao wasiomjua Hamidu? Landrova yake ikitoka Lisekese, kuku wa Chiungutwa wanaingia ndani kabla haijafika.

Hamidu ni Myao, mtani wangu, fundi na dereva wa gari lake mwenyewe, maana hakuna mwingine anayelikubali. Mwaka jana, msimu wa jando, bushi za springi zilikwisha. Ni vile vipira vinavyokaa kwenye matundu ya springi ili chuma kisigonge chuma. Gari likawa linatembea kama mlevi anayetafuta mlango wa kwake.

Nami nilikuwa na safari. Mjukuu wangu, mtoto wa Priska, alikuwa anatoka jandoni Chilangala, na kijana akitoka hupewa jina jipya. Nilishaapa ataitwa Nandonde, jina la marehemu kaka yangu. Nikichelewa, bibi yake wa upande wa baba, Dominika, angempa la mumewe. Dominika haachi nafasi ikae wazi, hata ya kwenye mkeka.

Asubuhi nikamkuta Hamidu chini ya gari.

"Shikamoo, Mama Priska."

"Marahaba. Umelala au umekufa?"

"Nabadilisha bushi. Hizi mpya zinagoma kuingia."

"Zimeona zinakoingia. Fanya upesi."

Fundi mwenye akili hupaka maji ya sabuni, bushi ikateleza yenyewe. Hamidu wangu akachukua kopo la mafuta ya maganda ya korosho, yale meusi tunayopaka nguzo zisiliwe na mchwa. Kwamba yanababua ngozi, hata mtoto anayetambaa huku kwetu anajua. Bushi ziliteleza vizuri sana, sikatai. Kisha akakaza nati zote gari likiwa bado juu ya magogo, springi zinaning'inia. Huyu ndiye anayehubiri kila siku kijiweni kwamba nati za bushi hukazwa gari likiwa chini, limebeba uzito wake, la sivyo mpira unajisokota na kuchanika. Watu wanasema nilimharakisha. Nilimwita mara chache tu, nikiwa nimeshakaa kwenye kiti cha mbele, gari likiwa juu ya hayo magogo.

Tulipoanza kupanda mlima wa Newala, gari likalia kama mbuzi wa sikukuu. Hamidu akashuka kuchungulia. Mpira umetoka nje kama ulimi. Na viganja vyake vimejaa malengelenge, spana haishikiki.

"Mama Priska, nisaidie kukaza."

"Mmakonde amkazie Myao gari? Wazee wako wakisikia?"

"Wazee wangu hawaendi Chilangala."

Nikavua viatu, nikaingia chini. Bushi za zamani tukazizungushia vipande vya tyubu ya baiskeli, tukazirudisha, tukashusha jeki, ndipo nikakaza, huku yeye akiniamuru kwa sauti ya mwalimu mkuu. Likapanda.

Chilangala ngoma zilikuwa zimeshanyamaza. Dominika akanipokea kwa tabasamu la kanisani.

"Karibu, Mama Priska. Poleni na njia. Msalimie Anthony."

Anthony. Jina la mumewe, mtu aliyekuwa akimwogopa jogoo wake mwenyewe. Nikageuka nirudi garini, jambo ambalo Dominika analisimulia hadi leo.

Hamidu akanitazama. Akamwendea kijana, akampa mkono ule ule wa malengelenge, akasema wote wasikie: "Nandonde, hujambo?"

"Sijambo. Shikamoo, babu," kijana akaitika, anacheka.

Tangu siku hiyo Hamidu hamwiti vingine, na Dominika akimkaripia, anadai mafuta ya korosho yamemharibia masikio. Ndiyo habari yake hiyo. Bushi bado zinalia.

Na wewe uliyesoma mpaka hapa, hujasoma bure. Ukipita Chilangala ukamkuta kijana mrefu mwenye mwanya, mwite Nandonde. Na umwite Dominika akiwepo.