Herufi kubwa ya mume mwenzangu, Nyamurairi

Wakuu, heshima kwenu nyote, wenye diploma na msio nayo.

Juzi nimeona humu watu wazima wakitukanana kwa sababu mmoja ameandika "mungu" kwa herufi ndogo. Wengine walishamwombea moto. Nimecheka hadi mjukuu akaja kuangalia kama nimepaliwa.

Haya ninayoandika yalinipata mwenyewe. Sitatia chumvi, hayaihitaji.

Nilizaliwa msituni, Walikale, mashariki ya Kongo. Niliondoka kwetu miguu mitupu, nikasoma Masisi, kule milimani, huku nikikamua ng'ombe wa watu, nikarudi katikati ya miaka ya hamsini, Wabelgiji wakiwa bado wanatawala. Nilirudi na diploma ya ualimu, viatu vyeusi na kalamu ya wino. Kijiji kizima hakikuwa na mwingine kama mimi. Sijisifu, natoa taarifa.

Nikampenda Feza. Alikuwa na watoto wawili, tena alikuwa mke wa mtu.

Kwa kweli si mtu.

Kwetu wakati ule, mtoto wa kike akiugua sana, mpiga ramli aliweza kusema kwamba Nyamurairi, mwenye moto wa chini ya ardhi, anamtaka. Akipona anakuwa mke wake na kujengewa kibanda. Wanaume wanaruhusiwa kumtembelea, mume hana wivu. Watoto wakizaliwa wanahesabiwa wa huyo mume, wanabaki kwa babu yao mzaa mama, na wanapata shamba hapo.

Mimi nilikuwa mwalimu wa misheni. Kuishi na mwanamke bila ndoa ya kanisani ilikuwa kufukuzwa. Nikaenda kwa Padri, mzungu mwenye ndevu ndefu.

Akasema ni jambo dogo. Mungu wa uongo hana mke. Baraza la chifu liandike kwamba Feza hajaolewa, na huyo mungu aandikwe kwa herufi ndogo, maana herufi kubwa ni ya Mmoja tu. Nilimwona ana akili sana, karibu kama mimi.

Siku ya baraza karani alikuwa mgonjwa, nikapewa kalamu mimi. Ndiyo, mwoaji ndiye mwandishi. Mlitaka wampe mbuzi?

Papa Kitsa, baba yake Feza, akaniuliza, "Mwalimu, uko unaandika nini pale?"

"Naandika Feza alipewa mungu wa herufi ndogo, Papa. Maana yake si kitu. Feza iko huru."

"Si kitu?" Akawageukia wazee. "Sasa hawa batoto bawili njo ba nani? Kama baba yao si kitu, na shamba yao si kitu. Baende kulima kwa Padri."

"Padri hana mutoto," mzee mmoja akasema. "Atafurahi."

Wakacheka. Nikamtazama Feza anitetee.

"Mwalimu," akasema, "ukimufanya mudogo, mimi napata pete. Batoto bangu banapata nini?"

"Nitawalea mimi."

"Na ukikufa? Ndugu zako batabapa shamba? Baseme hapa, mbele ya ba Papa."

Ndugu zangu walikuwepo. Mmoja akaangalia miguu yake, mwingine akaangalia dari. Baraza halikuwa na dari.

Wakuu, nikaikata sentensi ya Padri kwa wino uleule. Nikaandika: "Feza ni mke wa Mungu Nyamurairi, na watoto wake ni wa nyumba ya baba yake." M kubwa, N kubwa. M nikaiwekea na mkia, maana mwandiko wangu uliushinda hata wa Padri.

Padri aliposoma akawa mwekundu. Eti mwalimu anayempa shetani herufi ya Bwana hawezi kufundisha watoto alfabeti.

Nikamjibu, "Padri, mimi nimewapa watoto wawili shamba."

Akaomba ufunguo wa darasa.

Sikulia. Nikaanza kupandisha mawese Masisi na kushusha maharage na jibini Walikale, hadi nikajenga nyumba ya mabati kabla misheni haijapata yake. Pete Feza hakupata. Nilihamia kibandani kwake na tukazaa wanne. Wote wana shamba. Wote, kwa desturi, si wangu.

Mwanangu wa mwisho alipooa, wakaita baba wa bwana harusi. Nikasimama na suti yangu. Mzee mmoja akanivuta koti.

"Ikala kwanza, Papa. Baba yake njo anaitwa mbele."

Nikaketi. Wakamwita mwenye moto, wakammiminia pombe, ndipo zamu yangu ikafika.

Somo langu ni fupi. Kabla hujamkuza au kumpunguza mungu wa mwenzako, uliza nani anakula kwa hiyo herufi. Kama hakuna, unamaliza bando bure.

Haya, aliyewahi kupoteza hata sahani moja ya maharage kwa ajili ya herufi aandike hapa chini. Wengine mnyamaze kidogo, msome.