Firigisi Aliyokula Binti Yangu

Admin, jina langu lifiche, mume wangu anausoma ukurasa huu. Nina miaka 33, kwetu ni Issuna, nimeolewa huku Misigiri tunakolima alizeti. Hii ni ndoa yangu ya pili.

Mume wa kwanza alinipiga miaka tisa. Kwake firigisi ya kuku ilikuwa ya baba mwenye nyumba. Siku moja mtoto wetu alikuwa mgonjwa, hali kitu, nikampa yeye. Yule bwana alinichapa kwa mwiko wa ugali mpaka ukavunjika, huku akifoka, "Nani mkubwa humu ndani? Sema!" Nikazoea kupiga magoti na kuomba radhi hata kabla sijaulizwa. Mama yangu alipokuja kunichukua nilimwambia, "Niache tu mama, akishanipiga huwa anatulia." Ujinga gani ule! Niliondoka siku alipomgeukia mtoto.

Huyu wa sasa hajawahi hata kunipandishia sauti, na hilo ndilo linalonitesa. Akiweka kikombe kwa kishindo, nashtuka. Akinyamaza, natafuta nimekosa nini. Miaka miwili nasubiri kipigo na hakiji.

Jumapili tulichinja jogoo. Nimetoka kuteka maji, namkuta binti yangu, sasa ana miaka kumi na moja, anatafuna firigisi. "Baba kanipa," akasema huku anacheka. Nilichukua mwiko nikampiga mgongoni, mikononi, popote, na nikajisikia nafoka, "Nani mkubwa humu ndani? Sema!" Hakulia. Alipiga magoti, "Nisamehe mama, nimekosa," akaokota mwiko, akauosha, akaurudisha mahali pake. Mnitukane tu, lakini wakati nampiga nilijisikia vizuri.

Mume wangu alimpeleka zahanati, kidole kimevunjika. Waliporudi akaniambia taratibu, "Mke wangu, Ijumaa nenda kwa mama yako, utafute wa kukusaidia. Mtoto atabaki na mimi mpaka upone." Hata hakufoka. Ningefurahi angefoka.

Najua ana haki. Lakini ni mwanangu, kwa ajili yake nilimkimbia baba yake. Jana nikamuuliza mwenyewe anataka kukaa wapi. Alikuwa anachambua mlenda kwa mkono mmoja, akanijibu bila kuinua macho:

"Naenda na wewe mama. Ukishanipiga huwa unatulia."

Ndiyo, niliwaficha. Haikuwa mara ya kwanza.

Nishaurini jamani, na msinionee huruma. Ijumaa nimwache, au niondoke naye?