Mwenye Kioo Ashike Maji

Kwa miaka ishirini na mitatu Gresham Kachingwe ametoboa vioo hapa Senga, kando ya ziwa, na katika muda huo wote amepasua tangi moja tu. Lilikuwa la Bambo Sambani, mfugaji wa samaki wa rangi. Jioni ile Gresham alikuwa na haraka, akaikandamiza drili, na ufa ukakimbia mpaka kona. Samaki waliokuwa wakisubiri kwenye mapipa walikufa kwa joto, wakabaki wanane. Sambani hakumlaumu. Miaka miwili baadaye alifariki, na hakuwahi kulitaja tena tangi lile.

Tangu hapo Gresham haanzi kazi mpaka mwenye kioo mwenyewe ashike birika la maji. Maji hupoza kioo na msumeno wa duara unaozungushwa na drili. Anayeyamwaga naye huona kila kinachotendeka, asije akahadithiwa.

Mwezi wa Oktoba aliitwa na Mayi Felisita, mjane wa Sambani. Wale wanane walikuwa wamezaana, sasa ni arobaini na mmoja. Ni mbuna, samaki wadogo wa miambani, wa rangi ya samawati, wa mwamba mmoja tu wa ziwa, na huko mwambani nyavu zimekwisha kuwamaliza. Tangi lao kubwa lilitoa maji kwa mpira wa kuvuta uliopita juu ya ukingo. Umeme ukikatika, mpira uliingia hewa ukaacha kuvuta; umeme ukirudi, pampu iliendelea kujaza na maji yakafurika. Mara mbili Felisita alikuta samaki sakafuni. Ilibidi kioo cha nyuma kitobolewe, maji ya ziada yajitokee yenyewe.

Tangi jingine hakuwa nalo. Asubuhi ya kazi aliwahamishia samaki kwenye mapipa. Kwa joto lile, mapipa yangewahifadhi siku moja, labda mbili.

Felisita aliweka mezani misumeno miwili ya duara aliyoinunua Lilongwe, kila mmoja mfano wa kikombe. Wa kwanza ulikuwa na meno. Gresham aliugusa kwa kidole akausogeza kando.

"Huu ni wa kutobolea mlango, uweke kitasa. Kioo hakitafunwi, Mayi, kinasagwa."

"Nilimwambia!" alisema Dorofe, dada yake Felisita, aliyekuwa akimenya karanga mlangoni. "Nikamwambia, huyu muuzaji anakucheka. Hakunisikia."

"Ulikuwa unachagua viatu, dada. Hukusema lolote."

Wa pili haukuwa na meno. Ukingo wake ulipakwa unga wa almasi, mpya kabisa, upana wa milimita thelathini na mbili. Gresham aliuliza kwa nini kipimo hicho.

"Bomba limeandikwa thelathini na mbili, Bambo. Nimesoma mwenyewe."

"Umepima bomba. Bomba halipiti kwenye kioo." Alichukua kiungo cha plastiki, kile kinachobana kioo kwa raba na kushika bomba kwa nyuma, akapima shingo yake. "Kinachopita ni hii. Arobaini na tano."

Tundu dogo halitanuliwi kwa msumeno mwingine. Katikati pameshaondoka, hakuna pa kuushikiza. Na samaki wasingengoja safari nyingine ya Lilongwe. Gresham alifungua mfuko wake. Alikuwa na msumeno mmoja wa arobaini na tano, mzee, almasi yake imelika upande. Aliujaribu kwenye kipande cha kioo chenye unene uleule. Ulichukua dakika arobaini. Tundu lilitoka safi.

Hakukiweka chini kile kipande.

"Mayi, lazima nikwambie. Ni huu msumeno uliopasua lile tangi la marehemu."

Dorofe aliacha karanga. "Utupe huko! Bambo, wewe unatembea na kisu kilichoua?"

Felisita aliushika msumeno, akauzungusha, akaurudisha.

"Msumeno haukuwa na haraka siku ile, achimwene, kaka yangu," alisema. "Wewe ndiye uliyekuwa nayo. Leo unayo?"

"Sina."

"Basi nipe birika."

Gresham alibandika utepe upande wa ndani, akapima mara tatu tundu liwe mbali na ukingo, akauanza msumeno kwa kuuinamisha mpaka ukachora mwezi mwembamba, kisha akausimamisha wima. Hakuukandamiza. Uzito wa drili ulitosha. Felisita alimwaga maji, unga mweupe ukashuka kama uji. Birika lilijazwa mara tisa. Katika dakika ya thelathini na nane sauti ilibadilika, na Gresham akapunguza mwendo. Felisita alihamishia birika mkono wa pili, na maji hayakukatika.

Kisahani cha kioo kilichokatwa kilibaki kimening'inia kwenye utepe. Ukingo wa tundu ulikuwa umemeguka mahali pamoja, padogo kama punje ya mchele.

"Raba itapafunika?" Felisita aliuliza.

"Inapaswa. Tutajua likijaa."

Walifunga kiungo, wakajaza tangi, wakatandaza gazeti chini ya tundu. Dorofe alileta ugali wa nsima na dagaa wa usipa. Gresham alikula akilitazama gazeti. Walisubiri kwa muda wa saa tatu, na katika muda huo Felisita alikwenda kwenye mapipa mara nne.

Hatimaye Gresham alipiga magoti, akalichomoa gazeti, akalipapasa kote, akaligeuza. Lilikuwa kavu. Alilisogeza kwenye mwanga akalipapasa tena, juu ya bei za tumbaku na matangazo ya vifo, kabla ya kulikunja.

"Lete nyavu," alisema.

Felisita alikuwa amezishika tayari.