Meli Haina Geti

"Mnanichagulia zizi kama mbuzi wa soko la Jumatano!" Weris aliifokea simu. "Mmoja anataka kunifungia nchi kavu, mwingine anataka kunifungia majini. Na hakuna hata mmoja aliyeniuliza mimi nataka kwenda kufanya nini."

Simu ilikuwa juu ya dumu la maziwa, spika imefunguliwa, kwa hiyo nusu ya soko tulikuwa tunasikia. Ndani ya simu alikuwa mwanawe Abdikarim, dereva wa lori huko Minneapolis. Mbele ya dumu alisimama binti yake Ruweyda, karani wa kaunti, bado ana kitambulisho cha kazi shingoni. Wawili hao walikuwa wamegombana juma zima. Abdikarim alikuwa ameweka pesa za kumpumzisha mama yao, na akataka apande meli ya kitalii Mombasa, siku saba baharini. Ruweyda akataka hoteli ya Diani, siku nne, kila kitu kimelipiwa.

"Hooyo, mama yangu, ni zawadi," Abdikarim alibembeleza. "Meli ina ghorofa kumi na mbili. Juu kabisa kuna bwawa la kuogelea."

"Meli iko juu ya bahari, na juu ya meli wameweka bwawa? Maji yote yale ya chini hayajawatosha?"

Ruweyda akaona nafasi. "Si ndiyo nilimwambia? Hoteli ni bora, hooyo. Wanakuvisha bangili ya plastiki mkononi, basi. Unakula, unakunywa, saa tisa alasiri ukitaka keki unapewa."

"Saa tisa alasiri mimi nauza maziwa."

"Ndiyo tunasema upumzike!" wakasema wote wawili pamoja, mara ya kwanza juma lile kupatana.

Mimi nauza nyanya na vitunguu pale Suk Mugdi, soko letu la Garissa, meza yangu imegusana na yake, mwaka wa kumi na tisa huu. Kama kuna neno la Weris ambalo sijalisikia, basi alilisema usingizini. Ni mwanamke wa miaka sitini na moja, mwembamba, mrefu, na anatembea kama mtu aliyeitwa kwa haraka. Maziwa yake ya ngamia yanatoka Bura kwa pikapu, yakiwa kwenye madumu yaliyofukizwa moshi. Hakosekani sokoni ila kwa mazishi. Mumewe alifariki watoto wakiwa wadogo, na kikombe kimoja baada ya kingine aliwasomesha, huyu mpaka ofisini, yule mpaka Amerika. Ukimwambia maziwa yako yana maji, anakumwagia dumu zima chini ya miguu yako, kisha anakudai bei yake. Nimeona kwa macho yangu.

Habari ya safari ilipoenea, kila mtu akawa na neno. Dubow, shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe, alikuja na bakora yake akasimama mbele ya madumu.

"Weris, pesa hizo zinanunua mbuzi wangapi?"

"Dubow, zingekuwa za mbuzi ungekuja kuwachunga?"

"Mjane wa umri wako, hotelini, kwa wazungu waliovaa chupi!"

"Chupi watavaa wao. Mimi nitavaa jilbabu langu. Wewe unaogopa nini, au ulitaka kuja?"

Tulicheka mpaka Dubow akaondoka bila kunywa maziwa yake ya bure.

Lakini jioni ile tukifunga meza, aliniuliza polepole, "Abaayo, dada yangu, Ukunda na Diani ni mbali?"

"Hata mimi sijafika. Wanasema ni pua na mdomo."

"Basi Syombua yuko pale pale," akasema.

Hilo jina nalijua vizuri, na ninyi inafaa mlijue, maana safari nzima ilikuwa ya jina hilo.

Mwaka ule wa mafuriko ya El Nino, Weris alikuwa anarudi kutoka hospitali Nairobi na mtoto wa miezi minne. Basi likawashusha Madogo, kwa sababu mto ulikuwa umekula barabara na Garissa iko ng'ambo inaonekana kwa macho, haifikiki. Watu wetu wa upande ule nyumba zao zilikuwa ama zimejaa maji ama zimejaa watu. Amesimama kwenye tope na mtoto analia, mama mmoja Mkamba aliyekuwa akiuza maharagwe kibandani akamwita, "Wewe mrefu, huyo mtoto atakufa na baridi, ingia." Huyo ndiye Syombua.

Weris akaingia, lakini chakula akakikodolea macho tu. Hakujua sufuria ile imepika nini jana. Syombua hakuuliza, na wala hakukasirika. Alijifunga leso kichwani, akatoka na mvua ile hadi kwa jirani Mwislamu, akaazima sufuria, akarudi akampikia ndani yake. Siku tano. Boti lilipopatikana, Weris akataka kumpa pete yake ya fedha. Syombua akaikataa. "Siku utakuwa na kwako," akamwambia, "utanilisha."

Wakati huo Weris hakuwa na kwake. Alikaa kwa mama mkwe. Alipokuja kujenga chumba chake cha mabati, Syombua alikuwa ameshahamia Ukunda kwa binti yake. Wamesalimiana kwa simu miaka yote hii, kila Idi na kila Krismasi, na kila mara Weris anasema njoo Garissa nikulishe, na Syombua anasema nitakuja. Sasa hawezi kuja. Ana sukari. Mwaka huu amekatwa vidole viwili vya mguu, na gari la kupitia Hola mpaka huku haliwezi.

"Si uende kwake umpikie?" nilimwambia mimi mara moja.

"Nikimpikia jikoni mwake nimemsaidia kazi," alinijibu. "Kumlisha ni kwangu. Alisema kwangu."

Asubuhi iliyofuata akampigia Abdikarim kabla hata pikapu la Bura halijafika, Ruweyda akiwa kando yake.

"Warya, mwanangu, hiyo meli. Ikiwa Mombasa imesimama, mtu akitaka kunisalimia atapanda?"

"Hapana, hooyo. Ni wenye tiketi tu."

"Na ikiwa katikati ya bahari?"

"Katikati ya bahari nani atakuja kukusalimia?"

"Haya. Ruweyda, hoteli yako ina geti?"

"Ina geti kubwa, na walinzi."

"Chumba kilicholipiwa ni kwangu, na geti hufunguliwa," akasema Weris. "Meli haina geti. Nakwenda hoteli, na asinipigie mtu kelele tena."

Abdikarim alinuna siku mbili. Weris hakumbembeleza. Alichemsha nyirinyiri, nyama ile yetu iliyokatwa vipande vidogo ikakaangwa na kuhifadhiwa kwenye samli, akajaza kopo la kilo tano. Akachukua dumu la susa, maziwa ya ngamia yaliyochachuka ambayo hayaogopi safari. Akachukua tende, chupa mbili za chai na mkeka.

"Hooyo, kila kitu kimelipiwa!" Ruweyda akalia. "Watatucheka!"

"Wacheke. Wewe beba mkeka."

Meza yake aliniachia mimi. Yaliyotokea Diani nimeyapata kwa Ruweyda, na Ruweyda hajui kuongeza chumvi. Hata kwenye chakula hajui.

Siku ya kwanza, saa sita mchana, Syombua alifika getini kwa tuktuk, kiatu kimoja cha ngozi na mguu wa pili umefungwa kitambaa. Mlinzi, mzee Mdigo mwenye adabu zake, akamwuliza bangili. Hana. Syombua akampigia Weris, Weris akatoka.

"Huyu ni mgeni wangu."

"Mama, nisamehe. Asiye na bangili haingii. Labda alipiwe tiketi ya siku, pale ofisini."

"Tiketi ya kuja kunisalimia mimi?"

"Ndiyo utaratibu."

"Haya, chakula changu nilicholipiwa nikimletea hapa nje?"

"Chakula hakitoki, mama."

Ruweyda tayari alikuwa na simu mkononi, anamweleza Abdikarim, na Abdikarim anasema haina shida, tuma namba, nalipa hiyo tiketi sasa hivi. Weris akamnyang'anya simu.

"Usilipe kitu! Mgeni wangu akilipiwa mlangoni amekuwa mgeni wa mlango. Nimengoja miaka ishirini na minane, sitakuja kumwingiza kwa risiti."

Mkono mmoja akamshika Syombua, wa pili akamwonyesha Ruweyda mwarobaini uliokuwa ng'ambo ya barabara, hatua kumi na tano kutoka getini. "Lete mkeka."

Wakatandika pale. Likatoka kopo la nyirinyiri, ikatoka susa, zikatoka chapati za kibandani. Wamama wawili watu wazima, mmoja na jilbabu, mmoja na kitambaa cha kanisa, wanapiga kelele za furaha kwa Kiswahili cha soko mpaka watalii wakasimamisha baiskeli.

Kisha Weris akamimina chai, na Syombua akaweka mkono juu ya kikombe.

"Daktari amenikataza sukari."

Nyinyi hamjui chai ya Weris. Kijiko kinasimama. Ameileta tayari, chupa mbili, sukari yake ni ya kufunga harusi. Akaitazama ile chai, akainuka, akaimwaga yote mzizini. Akavuka barabara, akaingia hotelini na chupa tupu, akatoka na maji ya moto ya chumbani. Maji tu ndiyo aliyotoa ndani siku zote zile, na alisema hayo ni haki ya bangili. Akatia majani na iliki kutoka mkobani, bila sukari hata chembe, akammiminia Syombua, akajimiminia na yeye.

"Wewe si mgonjwa," Syombua akamwambia. "Tia yako sukari."

"Kunywa."

Ruweyda anasema uso wa mama yake ulikunjika kama mtu anayemeza dawa ya minyoo, lakini kikombe alikimaliza.

Siku ya pili akaja msimamizi wa hoteli, amevaa tai. "Mama, wageni wetu wanauliza. Haipendezi hapa mbele ya geti. Ndani tumekuwekea meza, viti, feni."

"Umeniwekea mimi. Na yeye?"

"Yeye hana bangili, mama."

"Basi ndani ni kwako," Weris akasema. "Hii ni barabara ya serikali, na mkeka ni wangu. Hapa ni kwangu. Kaa ule au unipishe upepo."

Hakukaa. Mlinzi ndiye aliyekaa, zamu yake ilipokwisha, akala nyirinyiri akauliza kama Garissa yote wanakula hivi. Siku ya tatu alileta kiti chake cha plastiki ili Syombua aweke mguu juu.

Msidhani Weris aliiadhibu hoteli. Usiku alilala kitandani mwao na akakisifu. Asubuhi alikula mayai yao manne. Baharini aliingia mpaka magotini na jilbabu lake, akaonja maji, akatema, akasema wameyaharibu kwa chumvi. Ila saa sita ikigonga alikuwa chini ya mwarobaini.

Siku hiyo ya tatu Abdikarim alipiga simu ya video. Akaona lori likipita nyuma ya kichwa cha mama yake.

"Hooyo, niko na aibu. Nimelipa hoteli ya nyota, watu wamenitumia picha yako umekaa kando ya barabara kama ombaomba. Huyo mama ni nani hasa?"

"Mtazame." Akageuza simu. "Syombua, huyu ndiye yule."

"Yule mtoto mliaji?" Syombua akasogeza uso kwenye kioo. "Wewe! Ulilia siku tano mfululizo! Nilikuwa nakuimbia na wewe unanitapikia begani. Umekuwa na ndevu!"

Hadithi ya mafuriko Abdikarim aliisikia tangu utoto, ila alidhani mwanamke yule ameshakwisha pamoja na maji. Ruweyda anasema alivua kofia, huko ndani ya lori lake, akamwambia, "Shikamoo, hooyo." Picha nyingine za kando ya barabara aliziomba yeye mwenyewe.

Siku ya nne kopo likaisha. Kesho asubuhi basi. Walikuwa wamekula mpaka samli ya mwisho, na Weris amekaa amenuna, anahesabu kwa vidole.

"Nne," akasema. "Wewe ulinilisha tano. Nitamwambia Ruweyda tuongeze siku."

"Huongezi kitu. Ya tano ulipika wewe."

"Mimi?"

"Siku ya mwisho mimi nilishikwa na homa, umesahau? Ulinisonga ugali ukanipa. Ugali ule ulikuwa na madonge kama mawe ya barabara."

"Ugali wangu haukuwa na madonge!"

"Yalikuwemo. Nimeyanyamazia miaka ishirini na minane. Hiyo siku ya tano nakusamehe, na madonge yake."

Weris akachukua chupa, akaitikisa asikie kama kuna kilichobaki.

"Basi tumemalizana?"

"Tumemalizana. Mimina chai."

Akamimina vikombe viwili, bila sukari.