Seli Mlafi na Chungu cha Ajono

Mimi nikifurahi, mdomo haunitoshi. Siku niliyoelewa RNA za duara, nikiwa chuoni nasomea shahada ya pili, nilimpigia Mama simu kijijini kwetu Amukura hata koti la maabara sijavua. Yeye ndiye aliyekuwa na kansa ya matiti, kwa hiyo niliona habari ni zake.

"Mama, RNA ni kama uzi wa kubeba maagizo ndani ya seli! Ule wa kawaida uko na ncha mbili, na seli inautafuna kuanzia kwa ncha. Huu wa duara hauna ncha, kwa hiyo unadumu! Nyuzi zingine za duara zinasaidia kansa kufakamia sukari, ikue, isambae!"

"Sukari?" aliuliza.

"Sukari!" Nikakata simu, nikarudi kushangilia na wenzangu.

Wiki chache baadaye nilimpeleka kliniki Busia, gauni likimpwaya mabegani. Daktari alitazama mizani, akaahirisha dawa. Mwili ulikuwa umedhoofika mno, alisema, na bila kuongeza uzito hangempa. Mama akaeleza kwa fahari kwamba ameacha ugali, uji, viazi, hata ndizi.

"Nimeinyima kansa chakula," aliniambia. "Si ni wewe ulisema?"

Nilijichukia palepale. Nilikuwa nimemwambia nusu ya jambo kwa kelele nyingi, naye alikuwa anakufa njaa kwa kunitii.

Nyumbani nilikivuta chungu chake cha ajono. Kabla ya kuugua alipika pombe hiyo ya wimbi, wageni wakikizunguka chungu kila mmoja na mrija wake mrefu, naye akiongeza maji moto.

"Mama, mlevi mlafi akikaa hapa, na wewe uache kuongeza maji, nani anakosa?"

"Wale wapole," alijibu bila kufikiri. "Yeye atavuta tu mpaka ikauke."

"Basi kansa ndiye huyo mlevi, na wapole ni seli zako nzima. Usipokula, mwili unatoa sukari kwa nyama yako mwenyewe, na yeye anaendelea kuvuta."

Alinikodolea macho. "Kumbe nimenyima wageni wote juu ya mlevi mmoja!" Akacheka hadi akakohoa, kisha akanigeukia kwa hasira. "Na wewe na masomo yako yote, hukuona hiyo useme mapema? Weka uji kwa moto!"

Uji wa wimbi na njugu, samaki wa ziwani kutoka Osieko, ugali tena. Alikula kama mtu anayeshindana. Tuliporudi kliniki baada ya wiki kadhaa, muuguzi alisoma mizani akasema, "Mama, leo unapata dawa," nami nikapiga kigelegele mpaka mlinzi akachungulia mlangoni.

Dripu ilipoanza kudondoka, Mama alinivuta karibu.

"Huo uzi wenu wa duara, mkijua kuukata, nitakuwa bado niko?"

Mdomo ulishafunguka, jibu tamu liko tayari. Nikalimeza.

"Sijui, Mama."

"Sawa," alisema, akanishika mkono. "Sasa naweza kukuamini."